Alzheimer ya kurithi na sindromu ya Down: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lamu na Malindi

Majibu haya ni ya jamaa wanaomlea mtu mzima mwenye sindromu ya Down, na ya zile nyumba ambamo ugonjwa wa kusahau umewapata watu kabla ya uzee, kizazi hata kizazi. Mambo hayo mawili yanaonekana mbalimbali, lakini watafiti wamekuta yanakutana kwenye jeni moja, na ndiyo maana yanajibiwa pamoja.

Alzheimer ni ya kurithi au si ya kurithi?

Mara nyingi sana si ya kurithi kwa maana ile watu wanayoiogopa. Bibi aliyeanza kusahau akiwa na miaka 80 hakumwachia mjukuu wake hukumu. Aina inayopita moja kwa moja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto haifiki 1% ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Hutokana na hitilafu katika jeni moja kati ya tatu: APP iliyoko kwenye kromosomu 21 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, kila moja na namba yake), PSEN1 kwenye kromosomu 14, na PSEN2 kwenye kromosomu 1. Hitilafu ya APP ndiyo iliyotangulia kupatikana, mwaka 1991, kisha PSEN1 na PSEN2 mwaka 1995.

Alama ya kwanza ya kutilia shaka ni umri. Wenye hitilafu ya PSEN1 huanza kuugua mara nyingi wakiwa na miaka 40 na kitu, wengine hata 30 na kitu. PSEN2 haina mpango: nyumba moja, huyu akaanza na 50 na nduguye akafika 70. Mkihesabu katika ukoo mkapata watu watatu, katika vizazi viwili, walioanza kabla ya miaka 60, hapo swali la jeni lina haki ya kuulizwa. Mtu mmoja peke yake aliyeanza na 72 hana haja nalo.

Kwetu watu huoana mabinamu. Je, hiyo ndiyo sababu?

Siyo. Selimundu inajulikana pwani nzima, kwa hiyo tuanzie hapo. Ili mtoto augue selimundu lazima apokee jeni mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama, na hapo ndoa ya mabinamu huongeza uwezekano. Alzheimer ya kurithi haisubiri mbili. Nakala moja yenye hitilafu inatosha. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi ya nusu kwa nusu, awe amezaliwa na binamu au na mke wa mbali. Na nusu hiyo huanza upya kwa kila mimba: wawili wa kwanza kuipata hakumkingi wa tatu.

Aliyeikosa ameikosa kabisa. Jeni hizi haziruki kizazi, hata kama watu hupenda kusema hivyo. Zinapoonekana kama zimeruka, mara nyingi mzazi wa katikati alifariki mapema kwa ajali au malaria kabla ugonjwa haujajitokeza.

Sindromu ya Down nayo haitokani na kuoana jamaa. Kwa watu wapatao 95 katika 100 walio nayo, kromosomu 21 ya ziada ilitokana na kugawanyika vibaya kwa yai au mbegu, na uwezekano huo hupanda kwa umri wa mama. Sehemu ndogo, takriban 3 hadi 4 katika 100, ina kromosomu 21 iliyogandana na nyingine, na hiyo ndiyo pekee inayoweza kutembea katika ukoo.

Basi sindromu ya Down inahusiana vipi na Alzheimer?

Hesabu yake ni nyepesi. Binadamu wengi wana nakala mbili za kromosomu 21, mwenye Down ana tatu. Juu ya kromosomu hiyo imekaa jeni ya APP, inayotoa protini ambayo ikikatwakatwa huacha vipande viitwavyo amiloidi beta. Nakala tatu badala ya mbili maana yake ni malighafi nusu tena ya kawaida, tangu tumboni. Vipande vikizidi hugandamana nje ya seli za ubongo kama chumvi inavyoganda pembeni mwa chungu, na ndani ya seli protini nyingine, tau, hujisokota mafundo hadi seli ikafa.

Ushahidi ulikuja kwa hatua, na mpangilio wake unafaa kufuatwa kwa sababu ni mfano mzuri wa utafiti unavyojithibitisha wenyewe. Mwaka 1984 George Glenner na Caine Wong, huko Marekani, walitoa amiloidi kwenye mishipa ya damu ya ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, kisha wakaikuta ileile kwa watu wenye Down. Wakabashiri kwamba jeni yake itakuwa kwenye kromosomu 21, na miaka mitatu baadaye ikakutwa huko. Mwaka 1998 likaja jambo lililotia muhuri: mwanamke mwenye Down wa miaka 78 ambaye kipande chake cha ziada cha kromosomu 21 hakikuwa na APP. Alifariki bila dimensia, yaani bila kupotelewa na akili na kumbukumbu, na ubongo wake haukuwa na ugonjwa. Kisha 2006, nchini Ufaransa, zikapatikana familia zisizo na Down hata kidogo lakini zenye nakala ya tatu ya APP peke yake, nazo zilikuwa zikiugua Alzheimer mapema pamoja na kuvuja damu ubongoni. Down bila APP ya tatu, hakuna Alzheimer. APP ya tatu bila Down, ipo. Hakukubaki mengi ya kubishania.

Kwa hiyo kila mwenye Down atapata Alzheimer?

Alama za ugonjwa ndani ya ubongo, ndiyo, karibu wote wakifika miaka 40. Dimensia yenyewe huja baadaye: wastani wa umri wa kutambuliwa ni kama miaka 53 au 54, na uwezekano katika maisha yote unapita 90%. Wapo wanaofika 60 na zaidi wakiwa imara, na watafiti wanawafuatilia sana hao.

Jambo hili ni geni masikioni kwa sababu zamani wengi hawakufika umri huo. Moyo wenye tundu na nimonia viliwachukua utotoni. Sasa wanaishi, alhamdulillahi, na uzee umekuja na mambo yake.

Tangu utotoni alihitaji msaada. Tutajuaje kwamba sasa anazidi kudhoofika?

Hapa ndipo wengi hukosea, madaktari wakiwemo. Vipimo vya kawaida vya kumbukumbu (taja tarehe, hesabu kurudi nyuma saba saba, chora saa) vilitungwa kwa mtu aliyesoma na ambaye akili yake haikuwa na upungufu. Mwenye Down anaweza kuvifeli vyote akiwa mzima kabisa, na mwingine akavipita huku ameshaanza kuugua. Usimlinganishe na watu. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana, na ili umpate wa mwaka jana lazima uwe ulimwandika.

Anza akiwa na miaka 30 hadi 35, wakati hana tatizo lolote. Rudia kila mwaka, na kuanzia 40 usiruke hata mmoja. Ipo fomu iitwayo NTG-EDSD iliyotengenezwa kwa kazi hii. Haihitaji daktari, hujazwa na mtu aliyemjua mhusika kwa miezi sita au zaidi. Usipoipata, daftari la shule linatosha, mradi uandike anachofanya, si unavyomdhania. "Yuko sawa" haisaidii mtu. Andika hivi:

- Kuvaa: anavaa kanzu au dera mwenyewe? Vifungo vingapi anafunga bila kusaidiwa?
- Kutawadha: viungo vingapi kwa mpangilio kabla ya kukumbushwa? Hiki ni kipimo kizuri kuliko vingi vya vitabuni, kwa sababu mpangilio haubadiliki na kila mtu nyumbani anaujua. Katika swala, anapotea rakaa ya ngapi? Kwa Wakristo, Baba Yetu inafanya kazi hiyohiyo.
- Kutumwa: akitumwa dukani vitu viwili analeta viwili? Vitatu je? Chenji anairudisha?
- Njia: anatoka nyumbani hadi msikitini kwa vichochoro vya Mkomani peke yake? Malindi, anavuka barabara wapi?
- Majina ya jamaa wasiokaa nyumbani, kama ami na shangazi wanaokuja Idd tu.
- Usingizi: analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, anakoroma?
- Uzito, kwa kilo, mzani uleule.

Ongeza video mbili za dakika mbili kwa simu: moja akifanya kazi aliyoizoea, kama kuchambua mchele au kukunja nguo, nyingine akizungumza. Mahali palepale, mwanga uleule, kazi ileile kila mwaka. Weka nakala kwenye simu mbili, maana simu za kisiwani huishia majini.

Kosa kubwa katika kurekodi ni mkono wa mama. Mlezi wa miaka mingi humfungia kifungo bila kujua kwamba amemfungia. Mtu mwingine ashike simu, na mama akae mbali. Kosa la pili ni wakati: usiandike wiki ya Maulidi nyumba ikiwa imejaa wageni, wala ndani ya Ramadhani usiku umekuwa mchana. Tarehe isiyosahaulika ni 21 Machi, Siku ya Sindromu ya Down duniani, iliyochaguliwa kwa sababu ya nakala tatu za kromosomu 21.

Dalili za mwanzo ni kusahau?

Si lazima. Kwa wenye Down mara nyingi tabia hutangulia: mcheshi amekuwa kimya, mtiifu amekuwa mkaidi, aliyependa kwenda harusini sasa hataki kutoka. Nyingine ni hofu ya vidato na mahali sakafu inapobadilika rangi. Aliyekuwa akishuka kwenye boti bila kufikiri sasa anasita ukingoni mwa gati, anagusa kwa kidole cha mguu. Hiyo inaweza kuwa ubongo kushindwa kupima kina, au inaweza kuwa mtoto wa jicho tu. Ndiyo sababu swali linalofuata ni muhimu kuliko hili.

Amebadilika kwa miezi sita. Tuanzie wapi?

Msianzie kwenye Alzheimer. Anzeni na vitu vinavyoiga Alzheimer na vinavyotibika, kwani wenye Down wanavipata kuliko watu wengine. Nenda na daftari hospitali iliyo karibu, iwe King Fahd Lamu au hospitali ya Malindi, uombe yafuatayo moja baada ya moja.

Tezi ya shingo kwanza. Ikifanya kazi pungufu mtu hulegea, husahau, hunenepa na husikia baridi hata Februari. Ni kipimo cha damu kiitwacho TSH, na kwa mwenye Down kinafaa kufanywa kila mwaka. Katika sindano hiyohiyo ombeni wingi wa damu, sukari, figo na vitamini B12.

Masikio: matundu yao ni membamba, nta hujaa. Mtu asiyesikia hajibu, na asiyejibu huambiwa amesahau. Macho: mtoto wa jicho huwajia mapema.

Usingizi: akikoroma, akanyamaza, kisha akashtuka akivuta pumzi, ubongo unakosa hewa usiku kucha. Mrekodi sauti usiku mmoja umpelekee daktari.

Shingo: mifupa miwili ya juu ya uti kwa baadhi yao huwa legevu. Mtu akianza kuyumba, mikono ikakosa nguvu, au akajikojolea ghafla, hiyo si dimensia hadi shingo ichunguzwe, na haingoji wiki ijayo.

Halafu yapo maumivu asiyoweza kuyasema, kama jino, choo kigumu au mkojo wenye maambukizi. Na huzuni. Mama akifariki, watu wazima hupokea rambirambi na mwenye Down hupewa peremende. Miezi mitatu baadaye haongei, watu wanasema ni ugonjwa.

Tazameni pia dawa anazokunywa. Piriton ya mafua, amitriptilini, benzeksoli na promethazini hufunga kemikali ileile ambayo ubongo wake unaipungukiwa. Mara nyingine kuacha Piriton ya kila usiku kumerudisha nusu ya akili iliyodhaniwa imepotea. Amitriptilini na benzeksoli msiziache ghafla wenyewe, mwulizeni aliyeziandika.

Mwanangu ana miaka 22, ameacha kuongea ndani ya wiki chache. Ni Alzheimer?

Kwa umri huo, hapana. Vijana wenye Down kati ya miaka 10 na 30 wanaweza kupatwa na mporomoko wa ghafla wa lugha na tabia ambao ni ugonjwa mwingine, na baadhi yao hutibika. Apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu au wa akili bila kungoja.

Asubuhi anashtuka na kikombe kinamponyoka. Ni nini?

Kwa mwenye Down aliyepita miaka 40, huo ni mshtuko wa kifafa hadi ithibitike vinginevyo. Kifafa kinachoanza ukubwani huandamana sana na Alzheimer ya Down, na aina yake huanza hivyo: kuruka kwa mikono au mabega punde tu baada ya kuamka, mtu akiwa macho. Jamaa hudhani ni uzembe.

Mrekodi kwa video, kwa kuwa akifika hospitali saa nne asubuhi imekwisha. Mwambie daktari wazi kwamba ni mishtuko ya kuruka: karbamazepini na fenitoini, ambazo ni dawa za kawaida za kifafa, zinaweza kuizidisha aina hii, ilhali levetirasetamu mara nyingi huifaa. Akianguka na kutetemeka zaidi ya dakika 5, ni hospitali mara moja. Mlio visiwani, namba ya nahodha wa boti ya usiku iwe ukutani.

Vipimo vya damu vinafanywaje, na kwa nini vingine hurudi "sampuli haifai"?

Kwa sababu ni vipimo vitatu tofauti vinavyohitaji chupa tofauti, na safari ya kutoka Lamu ni ndefu.

Cha kuhesabu kromosomu kinahitaji seli hai. Damu huwekwa kwenye chupa yenye kizibo cha kijani, isigandishwe wala kulazwa juu ya barafu, na ifike maabara ndani ya siku moja au mbili. Itolewe Jumatatu au Jumanne asubuhi. Ya Alhamisi hukutwa bado iko gatini Mokowe wikendi imeingia. Wakati wa kusi bahari ikichafuka, ahirisheni. Maabara huhesabu kwa kawaida seli 20. Mkishuku mchanganyiko, yaani seli nyingine zina kromosomu 47 na nyingine 46, ombeni zihesabiwe zaidi.

Cha kusoma jeni hakihitaji seli hai. Chupa ni ya kizibo cha zambarau, mililita 3 hadi 5, igeuzwe polepole mara nane ili damu isigande, kisha friji ya kawaida itaihifadhi siku kadhaa. Mate nayo hutumika, lakini mtu asile wala kunywa kwa nusu saa kabla, na wengi wenye Down hawawezi kutema mililita 2. Pamba ya kupangusa shavuni ni rahisi zaidi.

Cha tatu ni kile kipya kinachopima amiloidi, tau na vumbi la seli zilizokufa. Hiki ndicho kigumu. Damu izungushwe kwenye mashine ndani ya saa mbili, maji yake ya juu yagandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Amiloidi ina tabia mbaya ya kunata kwenye kuta za chupa za plastiki isiyofaa na kupungua ikikaa kwenye joto, kisha majibu yakaonekana kama ya ugonjwa. Tau iitwayo p-tau217 ni stahimilivu zaidi na ndiyo inayotegemewa sasa, kwa wenye Down pia. Figo mbovu huipandisha bila ugonjwa wa ubongo, kwa hiyo figo zipimwe pamoja.

Nani apimwe jeni kwanza?

Mgonjwa mwenyewe, si mtoto wake mzima. Ukipima asiye mgonjwa ukakosa kitu, hujui kama amesalimika au kama ukoo wenu una hitilafu ambayo hamkuitafuta. Hitilafu ikishajulikana kwa mgonjwa, wengine hupimwa hiyo tu, ndiyo au hapana. Kama mgonjwa wa mwisho yu hai, damu yake ihifadhiwe sasa. Baada ya maziko nafasi imekwisha.

Ulizeni maabara swali moja la kiufundi: je, mnahesabu pia nakala za APP? Kusoma herufi za jeni hakugundui kwamba jeni nzima imerudufiwa, na familia kama zile za Ufaransa zingerudi na jibu "hakuna tatizo".

Jibu la tatu lipo pia: tofauti isiyojulikana maana. Waafrika hulipata mara nyingi zaidi kwa sababu orodha za kulinganishia zimejazwa watu wa Ulaya. Jibu hilo si ugonjwa, na mtu asivunje uchumba kwa ajili yake.

Chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi. Hakuna dawa ya kumpa, na haki ya kutojua ni yake akikua. Kwa mtu mzima mzima wa afya, iwe angalau vikao viwili na mshauri wa jeni kabla ya kutoa damu, na muda wa kulala na jambo hilo katikati. Akibadili nia mlangoni siku ya majibu, bahasha ibaki imefungwa.

APOE4 ni nini? Binamu yetu wa Dubai amepimwa akaambiwa anayo.

Ni aina mojawapo ya jeni iitwayo APOE. Huongeza uwezekano wa Alzheimer ya uzeeni, haihukumu. Ina nguvu zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, hasa aliye na nakala mbili, na nguvu pungufu kwa Waafrika. Hatupendekezi mtu apime APOE kwa udadisi.

Dawa mpya za Marekani je?

Lecanemab iliidhinishwa kikamilifu huko Julai 2023, donanemab Julai 2024. Huondoa amiloidi ubongoni. Lecanemab ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa 27% katika miezi 18. Yaani mtu anaendelea kushuka, ila polepole kidogo. Huanzwa kwa dripu kila wiki mbili, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na skani za MRI mara kadhaa ili kutazama uvimbe na uvujaji wa damu.

Wenye Down hawakuwamo katika majaribio hayo. Hilo si jambo dogo, kwani amiloidi yao hukaa sana kwenye kuta za mishipa ya damu, mahali hasa dawa hizi zinapovujisha. Majaribio yao wenyewe yameanza: ALADDIN inajaribu donanemab, na ABATE inajaribu chanjo inayoufundisha mwili kushambulia amiloidi. Hadi yatoe majibu, anayekuuzia dripu hiyo kwa mwenye Down anakuuzia bahati nasibu.

Na dawa zilizopo hospitalini?

Donepezili inaweza kusaidia kidogo. Kwa mwenye Down huanzwa chini, mara nyingi miligramu 2.5, na mapigo ya moyo yapimwe kabla. Yakiwa chini ya 50 kwa dakika, haianzwi bila daktari wa moyo. Kichefuchefu na kuhara ndivyo huikatisha. Memantini ilijaribiwa kwa watu wenye Down waliozidi miaka 40, majibu yakatoka 2012: haikuwafaa kitu.

Utafiti wa familia zenye jeni umefunza nini?

Umefunza saa ya ugonjwa, yaani unaanza lini hasa. Mtandao wa DIAN, ulioanza 2008 Marekani, hufuatilia watoto wa wagonjwa. Kwa kuwa umri wa mzazi kuugua hukadiria wa mtoto, wanaweza kuhesabu kurudi nyuma. Walikuta, 2012, kwamba amiloidi katika maji ya uti wa mgongo huanza kubadilika hata miaka 25 kabla ya dalili.

Antioquia, Colombia, ipo familia kubwa kuliko zote, maelfu ya watu wenye asili moja ya hitilafu ya PSEN1, iliyochunguzwa kwa miongo na Francisco Lopera. Huanza kusahau wakikaribia miaka 44. Dawa ya crenezumab ilijaribiwa kwao ikashindwa kuonyesha faida 2022. Lakini mwanamke mmoja wa ukoo huo, mwenye hitilafu ileile, alifika miaka 70 na kitu ndipo akaanza kusahau. Ubongo wake ulijaa amiloidi, tau ikawa kidogo. Alikuwa na nakala mbili za aina adimu ya APOE iitwayo Christchurch, na dawa za kuiga alichokuwa nacho zinatafutwa.

Mtafiti akija nyumbani kuomba damu, tumuulize nini?

Pwani hii imezoea watafiti. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kipo Kilifi tangu 1989. Mazoea yasiwafanye mtie sahihi kabla ya chai kupoa. Muulizeni namba ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Muulizeni damu itahifadhiwa wapi, miaka mingapi, itatoka nje ya Kenya, na majibu yatarudi kwenu au la. Data ya jeni ni nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Nauli yenu hurudishwa, na hakuna ada ya kushiriki.

Mwenye Down aulizwe yeye mwenyewe, kwa maneno mafupi na picha. Akivuta mkono, hiyo ni "sitaki", hata baba akiwa ameshatia sahihi.

Watu wanasema ni majini. Tumnyweshe kombe?

Dua na kombe haviwazuii kwenda hospitali, na hospitali haiwazuii dua. Tunachokataa ni kumfungia, kumpiga au kumfukiza moshi mtu ambaye kifua chake ni dhaifu.

Anaruhusiwa kufunga Ramadhani?

Aliye na kifafa akiruka dozi ya mchana anaweza kuanguka. Daktari anaweza kuhamishia dawa nyingine kwenye daku na futari. Zisipohamishika, zungumzeni na sheikh wenu, kwani mgonjwa ana ruhusa yake.

Tumekwisha kupata jibu, ni Alzheimer. Nyumbani tubadilishe nini?

Kumeza ndiko kunakoua, kwa nimonia ya chakula kilichoingia mapafuni. Akae wima, kidevu chini, kijiko kidogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Mahamri makavu na samaki wa miba viondoke. Bada laini, uji mzito na mbaazi zilizopondwa kwenye tui vinapita. Maji matupu ndiyo humpalia kuliko chochote, ingawa watu hudhani ni mepesi. Akikohoa kila anapokunywa, mwulizeni mtaalamu wa kumeza kuhusu kuyaongezea uzito.

Nyumba za mawe za Lamu zina ngazi za mwinuko na giza. Mshusheni kitanda chini mapema, angali anaweza kujifunza chumba kipya. Pakeni ukingo wa kila kidato rangi nyeupe, wacheni taa ya chooni ikiwaka usiku, na ondoeni mkeka wenye mistari mieusi mlangoni: yeye anaiona kama mashimo.